Mbuzi Apumzike, Mpishi Abaki

Nimechoka kusikia kwamba jiko la nyumbani linakufa. Wasemao hivyo hutaja maikrowevu, tambi za kumwagia maji ya moto, mchuzi wa pakiti na tui la kopo, kisha hutulia kama watu walioshinda kesi. Upande wa pili wako wazee wenzangu wanaolilia mbuzi, kinu na mafiga, ilhali hawakuwahi kukalia mbuzi hata siku moja. Nawapinga wote, na hawa wa pili nawapinga zaidi.

Mama yangu alikuna nazi kila siku ya Mungu. Alikuna, akachuja tui kwa kifumbu, akapuliza kuni mpaka macho yakawa mekundu, na sisi wanaume tuko barazani tunasubiri harufu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, hasa moshi wa majiko, iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Anayeniambia kwamba utamu wa wali ulitoka katika moshi ule, namwomba akapulize yeye.

Basi blenda na isage nazi. Gesi na ije, sufuria ya umeme nayo ije. Hakitapotea kitu ila maumivu ya mgongo.

Lakini kukuna si kupika. Mama alitenga tui zito na tui jepesi. Kunde zilichemka katika lile jepesi. Zito lilingoja mwisho, akalikoroga kwa upawa bila kuacha, lisije likakatika. Akaonja. Akijua kuwa nazi ya leo haikukomaa sawasawa, alipunguza maji. Akijua kuwa baba ana shinikizo la damu, alizuia mkono wake kwenye chumvi. Pakiti haimjui baba yako. Chumvi yake imekwisha kutiwa kiwandani na mtu ambaye hatakuja kumwuguza. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo: mashine humwondolea mpishi kazi, pakiti humwondolea uamuzi, nasi tunaziita zote mbili maendeleo.

Na hiyo maikrowevu wanayonitishia nayo? Ilitokana na Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon huko Marekani, ambaye mwaka 1945 aligundua kwamba peremende iliyokuwa mfukoni mwake imeyeyuka karibu na mtambo wa rada. Majiko ya kwanza ya aina hiyo yalikuwa na kimo cha mtu na uzito wa zaidi ya kilo 300. Siku hizi yanakaa juu ya meza. Nenda katika nyumba yenye jiko hilo utazame linafanya nini: mara nyingi linapasha kiporo. Kiporo hicho kilipikwa na nani?

Binti yangu hununua tui la kopo siku za kazi, nami sina neno naye. Juzi nilimkuta jikoni amefungua kopo moja, akagawa tui mafungu mawili: moja amelizimua kwa maji kuchemshia kunde, la pili ameliweka kando, zito kama lilivyo. Nikamwuliza ni nani aliyemfundisha.

“Baba nawe,” akasema, huku anakoroga. “Kwani bibi alikuwa anafanyaje?”