Majivu Tunayoyatupa Yaweza Kutujengea

Mgeni aingiaye katika nyumba ya udongo kijijini Gusii huikuta sakafu imara isiyotimua vumbi. Mama wa nyumba hiyo hakununua saruji. Alichukua udongo, akauchanganya na mavi ya ng'ombe, akakandika kwa mikono yake. Kwa lugha ya wahandisi, mama huyo ameimarisha udongo kwa taka. Elimu hiyo tunayo tangu jadi, lakini tumeiacha ibaki sakafuni ilhali ingestahili kupanda ukutani.

Haja ya kuipandisha ni kubwa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Kisii pekee ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba. Kila kijana aoaye ataka nyumba, na kila shule yataka madarasa. Matofali ya kuchoma hufinyangwa kwa udongo wa mabondeni, kisha tanuri likalishwa kuni za mikaratusi. Bonde hubaki na mashimo, na kilima hupoteza miti. Anayelikwepa tanuri hukimbilia saruji inayosafirishwa kutoka mbali, kama vile Athi River, na nauli ya safari hiyo hulipwa na mnunuzi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Ipo njia ya tatu. Udongo mwekundu huchekechwa, ukatiwa saruji au chokaa kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono, na tofali likakomaa kivulini bila moto. Ninachokipigania ni kwamba taka zetu nazo zipewe nafasi katika mchanganyiko huo.

Viwanda vyetu vya majani chai, kama vile Kebirigo, Nyansiongo, Ogembo na Nyamache, hukausha chai kwa moto wa kuni, na palipo kuni pana majivu. Majivu ya kuni yana kalsiamu. Chembe za mfinyanzi zikipata kalsiamu hushikamana, na udongo hupunguza tabia yake ya kuvimba unywapo maji na kupasuka ukaukapo. Majirani zetu wa Ahero nao wana makapi ya mpunga, ambayo majivu yake yamejaa silika. Silika hiyo, ikichomwa kwa moto usiozidi kiasi, kisha ikakutana na maji na chokaa kama ile ya Koru, huzaa gundi ngumu iliyo ndugu wa saruji. Warumi wa kale walijenga kwa chokaa na majivu ya volkano kwa kanuni iyo hiyo.

Hata hivyo, nisieleweke kwamba kila jivu lafaa. Jivu la jaa lililochomwa pamoja na plastiki na betri ni sumu. Jivu la kuni peke yake ni dhaifu likilinganishwa na saruji, na likizidi huharibu tofali. Wapo pia watakaosema kuwa jivu ni mbolea. Hawajakosea, maana udongo wetu una asidi. Basi shamba na lishibe kwanza, nalo linalobaki kutupwa ndilo litujengee. Kati ya tumaini na ukuta lazima pawe na kipimo.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi, kwani kipimo chenyewe hakihitaji maabara ya kifahari. Tengenezeni kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana wa 4 na kina cha 4. Kipakeni mafuta ndani, mjaze udongo uliolowa, mkauache ukauke siku kadhaa, kisha mpime umesinyaa kiasi gani. Ukisinyaa chini ya milimita 15, sehemu 1 ya saruji kwa 18 za udongo hutosha. Ukifika kati ya milimita 45 na 60, saruji huhitajika sehemu 1 kwa 12. Halafu fyatueni matofali madogo: mengine ya saruji tupu, mengine ambayo robo ya saruji yake imebadilishwa kwa jivu lililochekechwa. Vaeni glavu, kwa kuwa jivu huunguza ngozi. Yatunzeni kwa unyevu, na baada ya siku 28 yaloweshwe majini usiku kucha. Litakalomomonyoka limejihukumu lenyewe. Somo la kemia, fizikia na hesabu litakuwa limekaa juu ya meza moja.

Matokeo ya shule yakitia moyo, Chuo Kikuu cha Kisii na chuo cha kitaifa cha ufundi mjini humo vinaweza kuyapima kwa mitambo kabla mtu yeyote hajalala chini ya paa lililobebwa na matofali hayo. Serikali za kaunti nazo zina wajibu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inazitaka ziweke vituo vya kuokolea taka zenye manufaa. Jivu safi la viwandani listahili kona yake humo.

Bibi zetu hawakungoja mfadhili ili wakandike sakafu. Walijaribu, wakaona, wakarithisha. Aibu itakuwa yetu iwapo sisi tuliosoma tutapita kando ya rundo la majivu tukienda kukopa fedha za saruji, huku watoto wakisomea chini ya mti.