Hesabu Ngumu Tuzijadili kwa Kiswahili

Najua wengine wenu mtashtuka. Chama cha Kiswahili na hesabu, wapi na wapi! Humu mmezoea kukuta mashairi, vitendawili na visa vya sungura na fisi. Lakini nina neno langu na sitalimung'unya. Zile mada za hesabu tunazozikimbia kama nyuki hazitushindi kwa sababu ya tarakimu. Zinatushinda kwa sababu hatukai chini tukazizungumza, na lugha ya kuzizungumzia tunayo.

Tuzitaje kwanza, maana adui asiyetajwa hapigwi. Kuna longitudo na latitudo. Kuna jiometri ya maumbo yenye urefu, upana na kimo. Kuna zile hesabu za kutolingana zenye grafu, za malori na mabasi. Halafu kuna matriki, loki, na uwezekano wa Kidato cha Tatu ambao hauishi kutusumbua. Ukiondoa huo uwezekano na sehemu ya matriki, nyingine zote zimepangwa katika Kidato cha Nne. Mtihani wa majaribio unatungoja muhula wa pili na KCSE yenyewe Novemba. Mwalimu anakimbia amalize silabasi, nasi tunakimbia nyuma yake tukinakili ubaoni. Silaumu mtu. Ila tusijidanganye kwamba kunakili ni kuelewa.

Wapo wanaosema, "Aa, mimi longitudo nimeiachia Mungu, nitachagua maswali mengine." Hebu tuifanye hesabu hiyo ya kuacha. Sehemu ya pili ya karatasi ina maswali 8, nawe unatakiwa kujibu 5, kila moja alama 10. Umeacha longitudo, umeacha jiometri, umeacha mabasi, umeacha matriki. Mada hizo nne zikitoka katika karatasi ya pili, umebakiwa na maswali 4 na unatakiwa 5! Hapo hujachagua, umechaguliwa. Tena sehemu ya kwanza, yenye maswali 16 ya lazima, mada hizo hizo huweza kuchungulia humo. Na tangu KCSE ya 2023, Hesabu ni lazima iingie katika kutafuta gredi ya jumla, pamoja na lugha moja na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Kwa hivyo hakuna mlango wa nyuma.

Sasa kuhusu lugha. Chukueni hilo swali la mabasi. Shule inasafirisha watu 200 kwenda Mombasa. Basi kubwa hubeba 50, dogo hubeba 25, na magari yasizidi 8. Mtihani utasema watu ni "at least 200". Ukimwuliza jirani yako katika maandalio ya jioni ishara ni ipi, atakwambia ni ya kupungua, kwa sababu ameona hilo neno "least" akakumbuka uchache. Mwulize kwa Kiswahili: nafasi zikiwa 150, watu wote watasafiri? Atacheka. "Lazima ziwe 200 au zaidi!" Basi si ameshajibu? Nafasi zisipungue 200, yaani 50x + 25y ≥ 200, ambayo ukigawanya kwa 25 ni 2x + y ≥ 8. Magari yasizidi 8, yaani x + y ≤ 8. "Zisipungue" na "yasizidi" ni maneno ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anayatumia akigawiwa peremende. Yaliyobaki ni kuchora mistari kwa rula, kutia kivuli upande usiotakiwa, na kusoma grafu. Aliyekosea ishara mwanzoni atachora grafu ya kupendeza sana na kupata sufuri. (Hilo sufuri lenyewe ni neno tuliloazima kwa Waarabu, kama hesabu na aljebra. Msiniambie eti hesabu ni mali ya Waingereza!)

Longitudo nayo ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu wenye saa ya Kiswahili tungekuwa mabingwa wake. Sisi saa zetu huhesabiwa kwa jua, na saa sita mchana jua liko utosini. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, kwa hivyo digrii 15 ni saa moja, na digrii moja ni dakika 4. Mombasa iko karibu na longitudo 40 mashariki na Kisumu karibu na 35. Tofauti ni kama digrii 5. Basi jua hufika utosini Mombasa kiasi cha dakika 20 kabla ya kufika utosini Kisumu, ingawa saa za ukutani zinasema sawasawa. Kwa nini ziseme sawa? Kwa sababu Kenya nzima imekubaliana kutumia saa ya longitudo 45, ambayo hata haipiti nchini mwetu. Inapita karibu na Mogadishu. Gawanya 45 kwa 15 upate 3. Ndiyo maana mechi ya London ikianza saa tisa mchana wakati wa baridi kule, hapa kwetu ni saa kumi na mbili jioni. Wapenzi wa kandanda hujua hayo bila kalkuleta, halafu Jumatatu darasani wanadai mada ni ngumu.

Ile nusu ya pili ya mada, ya kupima umbali, inahitaji chungwa. Kata chungwa katikati kwa upana, hapo ni ikweta, na duara lake ndilo kubwa kabisa. Kata jingine karibu na kikonyo uone duara lilivyosinyaa. Latitudo ya 60, kwa mfano, mzunguko wake ni nusu tu ya ikweta, kwa kuwa kosaini ya 60 ni 0.5. Ndiyo sababu ukitembea mashariki au magharibi huna budi kuzidisha kwa kosaini ya latitudo, na ukitembea kaskazini au kusini huzidishi, maana duara za longitudo zote ni kubwa sawa. Wengi tumeikariri kanuni hiyo bila kuuliza kosaini imetokea wapi, na siku ya mtihani tunaitia mahali isipotakiwa. Chungwa ukimaliza nalo, unalila.

Kwa jiometri tafuteni uzi. Chukulia darasa lenye sakafu ya mita 8 kwa 6 na kimo cha mita 3. Uzi utoke kona moja ya sakafu hadi kona ya juu iliyo mkabala. Swali ni pembe kati ya uzi na sakafu. Hapa watu hupotea, hawajui pembe ikae wapi. Wazieni jua la saa sita likipenya paa: kivuli cha uzi kitalala wapi? Kitalala sakafuni kutoka kona hadi kona, na urefu wake ni mita 10. Pembe ni ile kati ya uzi na kivuli chake. Tanjenti yake ni 3 kwa 10, yaani pembe ya digrii 16.7 hivi. Kuipata hiyo pembe kulitaka neno moja tu, kivuli.

Najua nitaambiwa kwamba mtihani wa Hesabu umeandikwa kwa Kiingereza, na kwamba ninataka kuwachanganya watu. Pingamizi hilo ni la haki na sitalipuuza. Karatasi itajibiwa kwa Kiingereza, na istilahi zake lazima tuzijue barabara. Ninachosema ni kwamba kuelewa kunakuja kwanza, na mtu huelewa kwa lugha anayoweza kubishana nayo. Angalieni tunavyobishana kuhusu mpira! Majirani zetu wa Tanzania wamefundisha Hisabati kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali kwa miaka mingi, kwa hivyo maneno kama kipenyo, kipeuo na mlinganyo yapo tayari. Tukishaelewana, tunaandika jibu kwa Kiingereza hatua kwa hatua, maana alama hutolewa kwa hatua na si kwa jibu pekee.

Wengine watasema tuna masomo ya ziada wakati wa likizo na marundo ya mitihani iliyopita. Marundo hayo nimeyaona. Mtu anafanya maswali kumi kwa kuangalia majibu nyuma ya kitabu, kisha anajisifu amemaliza mada. Afadhali swali moja ulilomweleza mwenzako mpaka akaacha kukuuliza "kwa nini".

Kwa hivyo napendekeza hivi. Chama chetu hukutana kila juma, na mara nyingi robo saa ya mwisho huishia kwenye porojo. Robo saa hiyo itolewe kwa hesabu. Mwanachama mmoja achukue mada moja ndogo, aieleze kwa Kiswahili bila daftari mkononi, na wengine wamhoji bila huruma. Wa Kidato cha Nne waanze, kwa kuwa wao ndio moto unawawakia, lakini wa madarasa ya chini wasifukuzwe. Walimu wa Hesabu tunawaomba waje wakae nyuma, wasikilize, na watusahihishe tunapopotoka, kwani mtu anaweza kuueleza upuuzi kwa Kiswahili kitamu sana. Na Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, pamoja na ngonjera zetu, mtu mmoja asimame jukwaani na chungwa na kisu awaeleze wageni kwa nini Mombasa hupata adhuhuri mapema kuliko Kisumu.

Mada ya kwanza nimejiandikisha mimi, ni ile ya mabasi. Mwenye kutaka longitudo amwone katibu kabla ya Ijumaa, na chungwa aje nalo mwenyewe.