Hilux au Canter? Daraja la Busisi limebadilisha hesabu

Leo tuweke siasa pembeni kidogo tuongee magari, ingawa mkifika mbele mtaona siasa imo humo humo.

Kuna ubishi umetapakaa mtandaoni, hasa kwa Wamarekani: kuna faida gani kununua pikapu ya saizi ya kati wakati ukiongeza hela kidogo unapata ile kubwa yenyewe? Vijana wa hapa Mwanza nao wameudaka. Juzi nimewasikia wawili kafe, mmoja anaiponda Hilux kwamba ni gari la kitoto mbele ya Ford F-150. Nikacheka kimoyomoyo, maana wote wawili hata baiskeli hawana.

Lakini kwangu swali lenyewe si la utani. Dada yangu na wenzake 11 wanafanya biashara ya dagaa. Wananunua mialoni upande wa Sengerema, wanaleta soko la Mwaloni Kirumba. Wameweka akiba kwenye kikundi miaka minne, sasa wanataka gari lao waachane na kukodi. Na kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa intaneti" kwenye ukoo, nimetumwa kutafuta gari gani linunuliwe. Hiyo ni hela ya akina mama 12. Ikipotea hakuna nyingine. Kwa hiyo nimekaa na kalamu, na haya ndiyo niliyoyapata.

KWANZA, YA MAREKANI TUWAACHIE WENYEWE

F-150 ina urefu wa karibu meta 6, Hilux ni kama meta 5.3. Kule barabara pana, maegesho mapana, na pikapu za F za Ford zinaongoza kwa mauzo ya pikapu tangu 1977. Tofauti ya bei na ya mafuta kati ya ya kati na kubwa siyo ya kutisha, ndiyo maana wanabishana.

Ila kuna kitu wengi hawakijui. Mwaka 1964 Marekani ilianza kutoza ushuru wa asilimia 25 kwa magari madogo ya mizigo yanayotoka nje. Sababu? Kuku! Wazungu wa Ulaya walikuwa wamepandisha ushuru wa kuku wa Kimarekani, na Rais Johnson akalipiza kwenye magari. Ushuru wa kuku ulishasahaulika, wa pikapu ukabaki. Toyota nayo iliacha kuuza Hilux kule mwaka 1995, wakaletewa Tacoma. Yaani pikapu anayoiendesha Mmarekani haikuchaguliwa na yeye peke yake. Kodi ilimchagulia.

Na sisi je? Tofauti iko wapi! Kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki ushuru wa forodha wa pikapu ni asilimia 25 vilevile. Chukua mfano gari limefika Dar likiwa na thamani ya Sh milioni 20. Weka asilimia 25, ni milioni 5, jumla 25. Hapo inakuja VAT ya asilimia 18 juu ya hiyo 25, ni milioni 4.5. Tayari uko milioni 29.5, na bado tozo nyingine, bandari, usajili, na safari ya zaidi ya kilometa 1,100 mpaka Mwanza. Kwa hiyo mtu akikwambia "ongeza hela kidogo tu upate kubwa", mkumbushe kwamba hiyo "kidogo" nayo inalipiwa kodi.

F-150 zenyewe kiwandani zinatoka na usukani wa kushoto. Spea zake uzitafute wapi, Nyakato? Tuachane nazo.

PILI, KUBWA YETU NI IPI?

Kwetu ngazi ziko hivi. Chini kabisa kuna kirikuu. Nyingi ni za Kijapani za cc 660, na sheria ya kwao inaziwekea mwisho kilo 350. Nzuri kwa mjini, soda na mikate, ila siyo ya kutoka Sengerema na mzigo. Juu yake kuna Hilux na wenzake, Ford Ranger, Isuzu D-Max, Mitsubishi L200, ambazo zinabeba kama tani moja. Juu zaidi kuna Land Cruiser pikapu, lakini hiyo ni gari ya polisi, mashirika na migodi. Injini yake ya dizeli ya cc 4,200 inakunywa vizuri tu, kwa sababu anayelipa mafuta siyo anayeendesha. (Nimewaambia siasa imo.) Mfanyabiashara wa kawaida akitaka kubwa ananunua Canter ya tani tatu. Kwa hiyo ubishi wetu halisi ni Hilux na Canter.

Na hapa kuna mtego. Watu wanadhani Hilux kwa kuwa ni ndogo basi ni rahisi. Wapi! Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 mpaka 2017, kwa hiyo kwenye mtumba wa Japani ni adimu. Nyingi zinatoka Thailand, Uingereza au Afrika Kusini. Canter za Japani ni kibao. Ndiyo maana ukikaa kwenye tovuti za wauzaji utakuta Hilux iliyochoka inagombana bei na Canter iliyosimama vizuri. Wamarekani na sisi tumekutana hapo hapo.

TATU, HESABU YA MAFUTA

Tuchukue mfano rahisi wa safari ya kilometa 100 kwenda na kurudi. Hilux ya dizeli yenye mzigo tuiwekee lita 10, Canter lita 15. Bei ya lita angalia tangazo la EWURA la mwezi, inabadilika kila mara.

Mzigo ukiwa tani moja au chini yake, Hilux imeokoa lita 5. Ukizidi tani moja kidogo tu, Hilux inabidi irudi mara ya pili, lita 20, na Canter imeshinda. Ukifika tani tatu, Hilux imekula lita 30, Canter ni zile zile 15. Nusu kwa nusu! Kwa hiyo mtu wa Canter haongei upuuzi. Gari kubwa likijaa hakuna dogo linaloliweza.

Swali ni moja: linajaa mara ngapi?

NNE, MWEZI NA DARAJA

Dagaa wa ziwa letu wanavuliwa usiku kwa taa, kwenye giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazivuti kitu na mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku mzigo umefurika na kuna siku nyingi tu gari linalala. Gari likilala halili mafuta, lakini bima inatembea, dereva anataka kula, na tairi zinazeeka juani. Canter ina tairi sita, Hilux nne.

Halafu lipo hili la daraja. Zamani ukitoka Sengerema ulikuwa unakutana na kivuko cha Busisi na Kigongo. Foleni na kuvuka vilikuwa vinaweza kula saa mbili. Kwa hali ile kila safari ilikuwa na gharama hata kabla hujahesabu mafuta, na ilikuwa akili kusubiri mzigo uwe mwingi uupakie mara moja kwenye gari kubwa. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia alizindua Daraja la J.P. Magufuli, kilometa kama 3 juu ya maji, na sasa ni dakika chache tu uko ng'ambo. Safari mbili kwa siku zinawezekana. Sababu ya kurundika mzigo imepungua sana, na faida ya gari la kati imepanda. Wengi wetu tulipiga picha darajani tukaondoka, hatukuona kwamba hesabu ya biashara nayo imehama.

Kingine ni njia ya kuingia mwaloni. Lami inaishia juu, chini ni mchanga na tope. Mvua ikinyesha, Canter yenye mzigo inazama mpaka ekseli, inasubiri kusukumwa. Hilux ya kuvuta tairi zote inapanda. Dagaa kavu zikilowa hiyo ni hasara, na hakuna anayekulipa.

Na mizani je? Magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5 pamoja na mzigo yanatakiwa kupimwa barabarani, kwa ile sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 tuliyoanza kuitumia 2019. Canter inaingia humo, Hilux iliyopakiwa kihalali haigusi.

TANO, KUZIDISHA

Najua mtakachosema: "Hilux unaiongezea springi inabeba tani mbili." Inabeba, ndiyo. Nimeziona zinapita Usagara pua imeangalia mbinguni. Lakini breki hazijaongezwa, ekseli ni ile ile, na mbele usukani umekuwa mwepesi kama wa baiskeli. Sisi watu wa ziwa hatuhitaji kufundishwa maana ya kuzidisha. MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018 pale Ukara, kivuko kilichotengenezwa kubeba watu kama 100, tulizika zaidi ya 220. Kama biashara yako inakulazimisha kuzidisha kila siku, basi umenunua gari dogo, nunua Canter.

Na dagaa zina hila yake. Ni nyepesi lakini zinajaza bodi. Gunia linaonekana kubwa kuliko uzito wake, kwa hiyo usikadirie kwa macho. Weka kwenye mizani.

MSIMAMO WANGU

Kama unapita lami tupu na unajaza tani mbili tatu kila safari, Canter, bila kufikiria mara mbili. Kama mzigo wako wa kawaida ni chini ya tani moja na unaingia mialoni, Hilux ya mlango mmoja mmoja, bodi ndefu, na zile siku chache za mafuriko ya dagaa unakodi Canter. Ila kukodi nako kuna bei. Ukijikuta unakodi kila wiki, ujue pesa ya Canter unaitoa kidogo kidogo huku gari huna. Na achana na dabo kabini. Viti vya nyuma vimekula nafasi ya magunia.

Dada yangu nimemwambia wasilipe hata shilingi kwanza. Waandike kwenye daftari kwa miezi miwili, giza mbili na mbalamwezi mbili: kilo ngapi kila safari, njia ilikuwaje, walikodi kwa bei gani. Kwa ninavyoona mizigo yao sasa hivi, naegemea Hilux. Lakini wenye hela ni wao, na daftari litanisuta kama nakosea. Amenijibu kwamba wenzake wawili tayari wameshapenda Canter ya bluu waliyoiona kwenye picha, ati ina rangi nzuri. Kazi ninayo!

Wadau wenye Canter na wenye Hilux, hasa mnaopita Busisi baada ya daraja, leteni namba zenu hapo chini: lita ngapi, tani ngapi, tairi zinakaa muda gani. Maoni nitayachapa na kumpelekea dada kama yalivyo. Matusi nayafuta.

Nawasilisha.