Mgonjwa wa Sukari Naye Ana Haki Yake Katika Sinia ya Idd

Sisi watu wa Pwani tumezoea kumpima mwenye nyumba kwa sinia yake. Mgeni aingiapo siku ya Idd huwekewa kaimati, vileja, visheti, mkate wa mayai na halua, na asipotia mkono mwenye nyumba huona ametiwa kasoro. Ada hii ni njema na yafaa itunzwe. Lakini siku hizi ni nadra kupata ukoo usiokuwa na mtu mmoja au wawili waliokatazwa sukari na daktari na kupunguziwa wanga. Swali ninalotaka kulitazama leo ni hili: mtu huyo amewekewa nini katika sinia?

Mara nyingi huwekewa maneno matupu. Huambiwa, "Onja kidogo tu, shangazi, siku yenyewe ni moja." Akikataa huonekana ana maringo, akikubali hulipa kwa mwili wake. Sukari ya damu ikipanda mara kwa mara huharibu macho, figo na mishipa ya miguu, na wapo majirani zetu waliokatwa mguu kwa sababu hiyo. Kwa hiyo jambo hili limevuka mpaka wa jikoni. Ni jambo la uhai na ni jambo la adabu.

Nalitazama nikiwa Ruiru, ninakoishi, na Thika, ninakokwenda sokoni. Nitaeleza baadaye kwa nini miji hii miwili ya bara ina funzo kwa jiko la Mpwani. Kwanza tuelewane juu ya lishe yenyewe.

Kupunguza wanga hakukuanza jana. Mwaka 1863, William Banting, msimamizi wa mazishi wa London, alitoa kijitabu akieleza jinsi alivyopungua unene kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Mwaka 1921 Dakta Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza lishe ya mafuta mengi na wanga kidogo mno kwa wagonjwa wa kifafa, akaiita ketogenic. Neno hilo ndilo lililofupishwa likawa keto, ambalo leo limejaa katika simu zetu na katika matangazo ya wauza keki. Mpango ulio mkali humruhusu mtu gramu 20 hadi 50 za wanga kwa siku nzima.

Sasa tupige hesabu ya vyakula vyetu. Chukua mkate wa mayai wa kawaida: mayai 6, sukari gramu 250 na unga wa ngano gramu 250. Sukari ni wanga mtupu, na unga ni wanga kwa kiasi cha robo tatu ya uzito wake. Jumla inakaribia gramu 440. Ukikata vipande 12, kila kipande kina gramu 36 au 37. Kipande kimoja tu kimekula posho ya mgonjwa ya kutwa, na bado hajagusa kaimati.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, na wafanyabiashara wengine hufaidika kwa udanganyifu huo. Keki huandikwa "haina sukari", na mnunuzi hufurahi, kumbe unga wa ngano uko pale pale, au pametiwa asali na tende. Asali ni wanga kwa zaidi ya gramu 80 katika kila gramu 100, na tende kavu hukaribia 75. Ni vyakula vyenye baraka, lakini baraka haiondoi hesabu. Hata maji ya nanasi, tunda linaloufanya mji wa Thika ujulikane duniani kwa mashamba yake makubwa, yana wanga wa gramu 30 hivi katika bilauri moja. Kumpa mgonjwa kwa hoja kwamba "hayana sukari ya kutiwa" ni kumzungusha tu.

Je, basi mgonjwa asile kitamu? La. Na hapa ndipo Thika inapoingia. Mti wa makadamia, ambao asili yake ni Australia, uliletwa Kenya mwaka 1946 na mlowezi Bob Harries, akaupanda katika shamba lake karibu na Thika. Katika miaka ya 1970 ikaanzishwa Kenya Nut Company mjini humo, na leo Kenya ni miongoni mwa nchi zinazotoa makadamia kwa wingi duniani. Kokwa hiyo ina wanga wa gramu 14 kwa kila 100, na zaidi ya nusu ya huo ni nyuzinyuzi zisizopandisha sukari ya damu.

Lakini makadamia yetu huliwa ng'ambo. Tangu 2009 tumebishana kuhusu kuuza nje kokwa zenye maganda: zikakatazwa, kisha mwishoni mwa 2023, baada ya bei ya mkulima kuporomoka, serikali ikafungua mlango kwa muda. Katika mabishano hayo yote sikumsikia mtu akiuliza kwa nini kokwa hii haijaingia katika majiko yetu wenyewe. Tunaiuza, halafu tunapokea maarifa ya kuipikia kutoka kwa wageni.

Nimeijaribu jikoni kwangu, na nitaeleza nipikavyo. Twanga makadamia gramu 200 kwa vipindi vifupi vifupi, kwani ukizidisha hutoa mafuta na kuwa kama siagi. Changanya na nazi kavu iliyosagwa isiyotiwa sukari, gramu 100, ambayo hunywa yale mafuta. Tia hiliki, ganda la limau lililoparwa na kijiko kidogo cha baking poda. Tenga ute na viini vya mayai 6. Koroga viini na ule mchanganyiko, piga ute mpaka usimame, kisha utie kidogo kidogo bila kuuvunja. Usichelewe: sukari ndiyo hushikilia povu la mayai, na pasipokuwa na sukari povu hulala upesi. Oka kwa moto wa wastani, au kwa makaa juu na chini kama mkate wa sinia. Mkate huu hukupa vipande 12, na kila kimoja hakifikishi gramu 2 za wanga ukiondoa nyuzinyuzi. Asiyemudu bei ya makadamia atumie karanga zilizokaangwa. Wanga utafika gramu 2 na ushei, na mfuko utapumua.

Si kila kitu kitakubali kugeuzwa. Halua hushikana kwa wanga na sukari. Ukiviondoa hubaki samli na jina. Kaimati nazo ni unga na shira. Hizi tuwaachie wenye afya. Kashata za nazi, kwa upande wake, zinawezekana: badala ya sukari iliyochemshwa, shikiza nazi kwa ute wa yai na uoke. Tui zito, mayai na hiliki, vikipikwa kwa mvuke, hutoa kitu laini cha kulia kwa kijiko. Na kahawa chungu yetu ya tangawizi haihitaji marekebisho yoyote. Ruiru, kwenye kituo cha utafiti kilichotoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985, wanaijua kahawa kwa mmea wake. Sisi tunaijua kwa kikombe kisicho na sukari.

Msomaji Mwislamu ana tahadhari mbili za kuongeza. Mapishi mengi ya kigeni ya aina hii hutumia jelatini, ambayo huenda ikatokana na nguruwe. Agaagari inayotokana na mwani hufanya kazi hiyo bila shaka yoyote. Pia vanila ya maji mara nyingi huwa na pombe. Sisi tuna hiliki na maji ya waridi, ya nini kujitia matatani?

Kuhusu vitu vya kutia utamu kama stivia, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2023 visitegemewe kupunguzia uzito, ingawa ushauri huo haukuwahusu ambao tayari wana ugonjwa wa sukari. Mimi hutia kidogo sana, maana ulimi nao hufundishika.

Tena tusidanganyane kwamba wanga mchache ni chakula chepesi. Kipande cha mkate niliouelezea kina kalori 210 hivi, na kile cha ngano kina 190. Kipande kimoja chatosha. Na anayetumia insulini au vidonge vya sukari asibadili lishe ghafla bila daktari: wanga ukishuka na dawa ikabaki vile vile, sukari inaweza kuanguka mtu akazimia. Vidonge vinavyotoa sukari kwa njia ya mkojo vina hatari yake nyingine mtu akiacha wanga. Mwezi wa Ramadhani tahadhari hii huzidi. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na aliyeruhusiwa na daktari kufunga anaweza kufungulia tende moja, au maji, na sunna ikabaki sunna.

Nasema haya kwa wenye nyumba kuliko wagonjwa. Mgonjwa anaijua hali yake. Anachokosa ni kutazamwa. Idd ijayo, ukipanga sinia, weka sahani moja ambayo umeihesabu wanga wake, uifunike, umwambie shangazi kwa sauti ya chini kilichomo na kiasi chake. Usimtangaze mbele ya watu wala usimshurutishe kula. Mwache achukue kipande chake akae na wenzake, kahawa mkononi, kama mgeni yeyote mwingine aliyekaribishwa.