Chanjo ibishe hodi, isivunje mlango

Serikali inapotangaza kampeni ya chanjo, zipo nyumba Meru na Tharaka ambako watoto hufichwa. Wenyewe ni waumini wa Kavonokya, dhehebu linaloamini kwamba maombi yanatosha na hospitali haina kazi. Jibu tulilozoea ni chifu na askari. Sindano moja hupatikana hivyo, sikatai. Lakini mtoto huchanjwa surua mara mbili, akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, na ugonjwa hukosa njia pale tu watoto wapatao 95 katika kila 100 wamekingwa. Askari gani atamlinda mtoto mmoja miezi tisa asihamishwe? Kwa dozi ya pili mtoto huletwa na mama mwenyewe, kwa hiari yake, au haletwi kabisa.

Wala shaka hii si ya dhehebu dogo pekee. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walipinga hadharani chanjo ya pepopunda wakidai inafunga uzazi. Serikali ilikanusha, lakini mama wa kawaida alibaki katikati ya sauti mbili anazoziheshimu. Mwaka huohuo, Afrika Magharibi, familia zilificha wagonjwa wa Ebola na kuzika kwa siri, kwa kuwa maiti zilichukuliwa na watu wasiowajua, bila dua wala kuagwa. Mwezi Novemba Shirika la Afya Duniani lilikaa na viongozi wa Kiislamu na Kikristo, likatoa utaratibu mpya wa maziko: salama, na wenye heshima kwa marehemu na wafiwa. Ugonjwa ule uliua zaidi ya watu 11,000. Mazungumzo yale yalichelewa.

Wapo watakaosema mtoto hana kosa, na Sheria ya Watoto ya 2022 inampa haki ya afya. Ni kweli, na surua ikishaingia kijijini sheria ishike mkondo wake. Ninachopinga ni kuanza na pingu. Wala kuwaachia wazee hakutoshi: hata Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, kwa uzito wake wote, ni baraza la wanaume. Anayembeba mtoto kwenda kliniki ni mama. Basi kaunti za Meru, Embu na Tharaka Nithi ziwatume wahamasishaji wa afya kwenye vyama vya akina mama na masoko kama Makutano, sasa, kabla kampeni nyingine haijatangazwa.