Msumeno wa Upande Mmoja

Wahenga walinena kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Chombo kimkatacho raia kiendapo, kisimguse askari kirudipo, si msumeno; ni panga la mwenye nguvu. Panga hilo lilinolewa katika kesi moja ya Kenya, na wako wanasheria ambao hadi leo hulisifu kwa makali yake. Mimi nalishutumu.

Kesi yenyewe ni ya Kuruma mwana wa Kaniu. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, Kuruma alikuwa njiani kwa baisikeli kwenda kwao. Alisimamishwa penye kizuizi cha polisi, akapekuliwa. Askari walidai kwamba walimkuta na risasi mbili na kisu cha mfukoni. Yeye alikana kuwa na risasi. Kosa la kuwa na risasi bila ya kibali lilistahili kifo wakati ule, na kifo ndicho alichohukumiwa, ingawa wazee wa baraza walioketi na hakimu walishauri kwamba aachiliwe.

Kanuni za Hali ya Hatari, pamoja na ukali wake wote, ziliagiza kwamba mtu apekuliwe na polisi mwenye cheo cha mkaguzi msaidizi au zaidi. Waliompekua Kuruma hawakufikia cheo hicho. Rufani ilipofika London mbele ya Baraza la Faragha la Malkia, mwaka 1954, Lord Goddard aliamua kwamba kipimo cha ushahidi ni kuhusiana kwake na shauri. Ukihusiana, mahakama haina haja ya kuuliza umepatikanaje. Aliacha tundu la sindano: hakimu aweza kwa hiari yake kuukataa ushahidi, iwapo kuupokea kungekuwa kumwonea mshitakiwa. Kwa Kuruma tundu hilo halikupitisha uzi. Rufani ilitupwa.

Watetezi wa hukumu hii husema kwamba risasi ni risasi, hata ikionwa na askari wa cheo cha chini kabisa. Hoja hii ni nzito mpaka itiwe katika mizani. Cheo kile hakikutajwa kwa ajili ya pambo. Kiliwekwa kwa sababu mtu aliyezungukwa na askari njiani hana kinga nyingine ila utaratibu. Bila ya huo, nani atajua kama risasi ilitoka mfukoni mwake au mkononi mwa mpekuzi? Kisu kile hakikuletwa mahakamani. Watu watatu waliosemekana kuushuhudia upekuzi hawakuitwa. Baraza lenyewe liliona kasoro hizo, likamwelekeza waziri wa serikali azitazame. Ila hukumu haikuitengua. Basi ule ukweli uliothaminiwa kuliko utaratibu ulining'inia juu ya maneno ya wale wale walioukiuka utaratibu.

Huulizwa pia: je, mhalifu aachiliwe kwa kosa la askari, kwa nini asiadhibiwe askari peke yake? Vema, lakini nani atamshitaki askari huyo? Aliyehukumiwa kufa? Kosa ambalo faida yake hupokewa mahakamani kwa mikono miwili hurudiwa kesho, na mahakama iliyolipokea ni mshirika wake.

Wala si kweli kwamba njia nyingine haipitiki. Mwaka 1957, katika mji wa Cleveland nchini Marekani, polisi waliingia kwa nguvu nyumbani kwa Dollree Mapp, wakimwonyesha karatasi waliyoiita hati ya upekuzi. Katika kesi hati hiyo haikutolewa. Mwaka 1961 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile ilitengua hatia yake, ikaamua kwamba ushahidi wa upekuzi uvunjao katiba usipokewe hata katika mahakama za majimbo. Huko karatasi isiyoonekana ilimwokoa mshitakiwa. Kwetu kisu kisichoonekana hakikumfaa kitu.

Tangu hapo sheria zetu zimesogea. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania ya 1985 huamuru kwamba anayetaka ushahidi uliopatikana kinyume cha sheria hiyo upokewe ndiye aithibitishie mahakama faida yake kwa umma. Kifungu cha 50(4) cha Katiba ya Kenya ya 2010 huutupa nje ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za msingi, iwapo kuupokea kutaharibu haki katika kesi au kudhuru utoaji wa haki. Lakini kila sheria ina "iwapo" yake, na katika "iwapo" fikira za zamani hupata pa kujificha. Hakimu atakaye kumwona Lord Goddard ndani yake atamwona.

Kwa hiyo mzigo wa kila "iwapo" na ubebwe na aliyevunja sheria, si aliyevunjiwa. Na wanafunzi wanaokariri hukumu ya Kuruma wakikariri kipimo cha ushahidi, wakikariri pia kisu ambacho mahakama haikukiona.