Simu ya Bei Nafuu Tuijaribu Kabla ya Kuiamini



Ndugu wasomaji, Ramadhani iliyopita familia moja ya msikiti wetu wilayani Ngara ilifuturu jua likiwa bado juu. Siku hiyo mvua ya masika ilinyesha tangu adhuhuri, mawingu yakafunga, na taa za nyumbani zikawashwa mapema. Simu mpya ya bei nafuu, zawadi ya kijana wao aishiye Dar es Salaam, ikaadhini. Tende zikaliwa, uji ukanywewa. Haikupita robo saa, mawingu yakapasuka upande wa vilima vya Burundi, mwanga wa jua ukaingia mlangoni hadi kwenye mkeka. Bibi wa nyumba akauliza, "Wajukuu zangu, hili nalo ni jua gani?" Mjukuu akamjibu, "Bibi, simu imeshaadhini." Bibi akasema, "Simu imeadhini, lakini jua halijaisikia."

Usiku ule walikuja msikitini kuuliza. Imamu aliwaeleza kwamba, kwa kauli ya wanachuoni walio wengi, mwenye kufuturu akidhani jua limezama, kisha ikabainika kuwa halijazama, hana dhambi kwa kukosea kwake, lakini siku hiyo ataikidhi. Waliikidhi baada ya Idi, na suala lao likaisha. Letu halikuisha, kwa sababu ni sisi wanakamati tuliokuwa tukiwahimiza vijana kuweka programu za adhana katika simu zao. Tulihimiza jambo ambalo hatukuwa tumelijaribu.

Imepokewa na Imamu Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, na vidole vikakuta unyevunyevu. Muuzaji alijitetea kuwa ni mvua. Mtume (s.a.w.) akamkemea kwa kuficha sehemu mbovu chini badala ya kuiweka juu watu waione. Nasi tukaona ni wajibu wetu kutia mkono ndani ya lundo hili la simu na vikorokoro vyake linalojaza maduka yetu, kuanzia Nyakanazi na Biharamulo mjini hadi Ngara, Kabanga na Rusumo.

Tulichukua simu nne ambazo bei ya kila moja haikuzidi laki mbili, pamoja na kadi za kumbukumbu, chaja, kava na benki ya umeme, ambayo vijana huiita pawabenki. Tulizitumia kwa wiki kadhaa. Hatutaji chapa za vitu hivi, kwani kasoro ya simu moja si ushahidi dhidi ya simu zote za jina lake. Tunataja majaribio, ili kila familia iyafanye kwa mkono wake.

Saa ni ya Dar es Salaam, jua ni la Ngara

Tulianza na simu iliyoifuturisha familia ile mapema. Kwa haki, simu yenyewe haikuwa mbovu. Kijana aliiwekea programu ya adhana akiwa Dar es Salaam, akachagua mji huo kwa mkono, kisha akaizima huduma ya kutambua mahali ili kuokoa betri. Simu ilisafiri hadi Ngara, lakini adhana yake ilibaki pwani.

Tofauti si ndogo. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa, yaani kila nyuzi moja ni dakika nne. Kati ya Dar es Salaam na Ngara kuna takriban nyuzi nane na nusu za longitudo. Kwa hiyo jua la Ngara huzama takriban dakika 34 baada ya kuzama Dar es Salaam, na muda huo huongezeka au kupungua kwa dakika chache kutokana na msimu. Kwa Biharamulo tofauti ni takriban dakika 32. Anayefuata adhana ya Dar es Salaam akiwa kwetu hufuturu mchana, na huenda akasali Alfajiri kabla haijaingia.

Jaribio lake ni jepesi. Jioni isiyo na mawingu, toka nje na simu yako, mahali ambapo kilima hakikufichi upeo, ulitazame jua kwa macho yako. Simu ikiadhini Magharibi na jua bado unaliona, fungua programu, chagua Ngara au Biharamulo, kisha urudie siku ya pili. Kati ya simu zetu nne, mbili zilikuwa na kosa hili.

Wakazi wa mpakani wana jaribio la ziada. Rwanda na Burundi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Tulipofika Rusumo, simu moja iliyokuwa imeruhusiwa kutumia mitandao ya nje ilishika mnara wa ng'ambo na kurudisha saa yake nyuma bila kutuuliza. Mtu akiwa ameweka kengele ya daku saa 11 alfajiri, kengele hiyo italia saa 12 kwa saa zetu, na Alfajiri imeshaingia. Dawa yake ni kuzima upangaji wa saa wa kujiendesha na kuchagua majira ya Dar es Salaam, kisha kuzima matumizi ya mtandao wa nje, ambayo pia hula salio. Hapa tusichanganyikiwe: majira ya saa ni ya Dar es Salaam kwa sababu nchi yetu ina saa moja, ila mji wa kukokotolea swala ni ule unaokaa wewe.

Mshale wa kibla

Programu nyingi huonesha mshale wa kibla. Mshale huo hutegemea kifaa kidogo ndani ya simu kinachohisi usumaku wa dunia. Simu nyingi za bei ya chini hazikuwekewa kifaa hicho, na baadhi ya programu huchora mshale hivyo hivyo, bila kumwonya mtumiaji. Katika simu zetu nne, moja haikuwa nacho. Tuliigundua kwa kuishika bapa na kuzunguka nayo duara zima: mshale haukusogea kwenye kioo, ukawa unatufuata kila tulikogeukia. Mshale wa namna hiyo ni picha tu.

Simu ya pili ilikuwa nacho, lakini ilivishwa kava la kukunja lenye sumaku ya kulifunga. Ndani ya kava ilituelekeza magharibi. Tulipoivua na kuisogeza mbali na pikipiki, ikarudi katika njia iliyonyooka. Kava la aina hiyo hulinda kioo vizuri, ila livuliwe kabla ya kutafuta kibla.

Msomaji atauliza tulijuaje ipi imesema kweli. Kwa hesabu, aliyeko Dar es Salaam akielekea kaskazini karibu kamili ameelekea Makka. Aliyeko Ngara hana budi kupinda takriban nyuzi 20 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Isitoshe, Mwenyezi Mungu ametupa kipimo kisichohitaji betri. Mara mbili kila mwaka jua husimama wima juu ya Al-Kaaba: tarehe 27 au 28 Mei, saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6:27 mchana. Saa za Makka na za Tanzania ni sawa, hivyo hakuna la kujumlisha wala kutoa. Simika kijiti wima juani kwa wakati huo. Upande lilipo jua ndiko kiliko kibla, na kivuli huangukia upande wa pili. Tulisimika kijiti uani kwa msikiti mwezi Julai, na simu mbili kati ya nne zikakubaliana nacho.

Namba ya simu na kadi ya kumbukumbu

Jaribio jingine hufanyika dukani kabla ya kutoa pesa. Bonyeza *#06#. Itatokea namba ya utambulisho iitwayo IMEI, yenye tarakimu 15, na simu ya laini mbili huonesha namba mbili. Zilinganishe na zilizoandikwa kwenye boksi. Kisha itume namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, nawe utajibiwa aina ya simu iliyosajiliwa kwa namba ile. Jibu likitaja simu tofauti na iliyo mkononi mwako, irudishe kabatini. Wengi wetu tunakumbuka Juni 16, 2016, simu bandia zilipofungiwa nchini na familia nyingi zikabaki na vipande vya plastiki.

Kadi ya kumbukumbu ndiyo iliyotuhuzunisha zaidi. Tulinunua moja iliyoandikwa GB 64, na simu nayo ikasoma GB 64. Tukaijaza visomo vya Qur'ani na mawaidha. Visomo vya mwanzo vilisikika vizuri, vilivyofuata havikufunguka kabisa, ingawa majina yake yote yalionekana. Kadi za namna hii huwa zimechezewa ili zitaje uwezo zisiokuwa nao. Zikijaa kwa kiasi chake cha kweli, kinachoongezwa hupotea au hufuta cha zamani. Kwa hiyo kadi mpya ijaze yote kwanza, kisha fungua faili la mwanzo, la katikati na la mwisho. Usiikabidhi picha za marehemu wazazi wako kabla ya jaribio hilo.

Chaja na benki ya umeme

Katika vijiji vingi vya kwetu simu huchajiwa kwa sola au kwenye kibanda cha jirani, hivyo benki ya umeme ni kitu cha haja. Tuliyoinunua iliandikwa 20,000 mAh. Simu yenye betri ya 5,000 mAh haitajazwa mara nne, kwa kuwa umeme mwingine hupotea katika kubadilishwa nguvu na katika joto. Lakini benki ya kweli ingeijaza mara mbili na nusu hivi. Yetu iliijaza mara moja, ikaanza ya pili, ikazimika. Hesabu hii mzazi anaweza kuifanya nyumbani kwa siku mbili.

Chaja moja ya bei ya chini kabisa ilipata moto kiasi cha kutoshikika baada ya nusu saa, na kioo cha simu kikawa kinajibonyeza chenyewe kila ilipochomekwa. Chaja ya namna hiyo itupwe. Hata iliyo nzuri isiachwe juu ya godoro wala chini ya mto wa mtoto.

Neno kwa wauzaji na wanunuzi

Katika kuzunguka kwetu tulikutana na wauzaji wa aina mbili. Mmoja alituambia kuwa kitu kikishavuka mlango si chake tena. Mwingine aliichukua ile kadi, akaijaribu mbele yetu, akaona aibu, akaturudishia pesa na kuziondoa zote zilizobaki kabatini. Huyu wa pili alipata hasara siku ile. Tunamwombea Mwenyezi Mungu ambariki katika zilizobaki.

Sheria yetu inampa mnunuzi haki ya kukirudisha kitu kwa sababu ya kasoro iliyokuwamo kabla ya kukinunua, ikiwa hakuijua. Muuzaji naye amewajibishwa kuitaja kasoro anayoijua. Basi mnunuzi aombe risiti, ajaribu mapema, na arudi upesi akiona aibu, asije na kitu alichokwisha kukiangusha mwenyewe akasema kiliuzwa kibovu. Udanganyifu haukuwekwa upande mmoja wa meza.

Vijana wetu wanaoishi mijini tunawashukuru kwa kuwakumbuka wazazi. Mnapotuma simu nyumbani, tumeni na dakika kumi za kuelekeza. Mpigie mama baada ya simu kufika, umwelekeze mdogo wako kubadili mji wa swala, kisha umwombe atoke nje alitazame jua.

Kamati imekubaliana kwamba kila Ijumaa baada ya swala, vijana wawili watakaa barazani kuzikagua simu za waumini bila malipo. Nyakati za kuzama jua kwa Ngara zitabandikwa ukutani, baada ya mwadhini kuzilinganisha na anachokiona kwa macho. Tulipomweleza bibi yule uamuzi huu, alitaka kujua kama Ramadhani ijayo aendelee kumsikiliza mjukuu. Tulimwambia, "Msikilize, bibi, lakini kwanza fungueni mlango."

Wabillahi tawfiq.